Mfumo wa upepo na jua unatoa kidogo: kosa liko kwenye mtambo au kwenye kipimo?

Namba ikisoma chini, mkono hukimbilia bisibisi. Ngoja kwanza. Katika mfumo mdogo unaojitegemea, wenye paneli chache, mtambo mmoja wa upepo na betri, namba ndogo ina sababu nne zinazowezekana: jua au upepo wenyewe haukuwepo, betri ilikuwa imeshiba na umeme ukakosa pa kwenda, kipimo kinadanganya, au kweli kuna kitu kimeharibika. Nimezipanga kwa utaratibu wa kuzichunguza. Watu wengi huanza na ya nne, na hiyo ndiyo yenye hasara, kwa sababu kichwa cha mtambo mzima kikishafunguliwa juu ya mnara kinaweza kufungwa kikiwa na ubovu ambao hakikuwa nao.

Kabla ya dalili yoyote: unapima nini, na wapi

Wati ni hali ya sekunde ile. Mavuno ni wati-saa. Anayekuambia "leo mtambo ulifika wati 300" hajakuambia kama ulifika hapo kwa sekunde tatu au kwa saa tatu, na kwa upepo mara nyingi ni sekunde tatu.

Pima wati-saa sehemu hizi: umeme unaotoka kwenye paneli, unaotoka kwenye mtambo wa upepo baada ya rektifaya (inayogeuza umeme wa kupishana, AC, kuwa umeme wa mkondo mmoja, DC), unaoingia na kutoka kwenye betri, na unaoingia kwenye inveta (inayogeuza DC ya betri kuwa AC). Kama mfumo una rezista ya kumwagia umeme wa ziada, nayo ipimwe. Ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Kisha pima kile kilicholetwa na mbingu: mwanga na kasi ya upepo, kwa saa ileile. Bila hivyo viwili, huwezi kusema mfumo umefanya vibaya. Unaweza tu kusema umetoa kidogo, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Vifaa havihitaji kuwa vya maabara. Multimita inayosoma milivolti sawasawa, shanti moja (kipande chenye ukinzani mdogo unaojulikana, ambacho milivolti zake hukuambia ampia zinazopita) kwa kila njia unayotaka kuifuatilia, anemomita (kipima kasi ya upepo), na mita ya klampu inayosoma mkondo wa DC. Hakikisha kweli inasoma DC. Klampu ya AC pekee itaonyesha sifuri kwenye waya wa betri hata ukipita mkondo wa ampia 40. Klampu ya DC nayo irudishwe sifuri kila kabla ya kushika waya, la sivyo usumaku uliobaki ndani yake utakuongezea nusu ampia ambayo haipo. Kwa mikondo midogo, zungusha waya mara tano ndani ya klampu kisha gawa namba kwa tano.

Onyo ni machache lakini hayana mjadala. Mtambo wa upepo usikatiwe waya ukiwa unazunguka: hautakuwa na kinachoushika, utaongeza kasi na volti zake zitapanda hadi za hatari. Subiri upepo utulie, funga breki, yaani unganisha nyaya zake tatu kwa pamoja, ndipo ufungue. Usichomoe soketi za paneli zikiwa zinapitisha mkondo. Zima kwanza breka, maana cheche ya DC haizimiki yenyewe kirahisi. Na spana inayogusa vichwa viwili vya betri kwa mpigo hugeuka moto.

"Paneli ni za wati 400, mita haijawahi kupita 290"

Huenda hakuna ubovu wowote. Wati zilizoandikwa mgongoni mwa paneli zilipimwa maabara, mwanga ukiwa wati 1,000 kwa mita ya mraba na seli zikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Paneli iliyo juani haikai nyuzi 25. Siku ya jua kali isiyo na upepo, seli hupanda nyuzi 25 hadi 30 juu ya joto la hewa, kwa hiyo kufika nyuzi 60 ni jambo la kawaida. Paneli za silikoni hupoteza kati ya asilimia 0.3 na 0.5 ya nguvu kwa kila nyuzi moja inayoongezeka. Kiwango cha paneli yako kimo kwenye karatasi ya vipimo vyake. Tukichukua 0.4, nyuzi 35 za ziada zinakula asilimia 14, na wati 400 zinabaki 344. Mwanga ukiwa 850 badala ya 1,000, zinabaki 292. Hiyo ndiyo 290 yako.

Aina ya kontrola, kifaa kinachosimamia uchaji wa betri, nayo ina neno lake. Kontrola ya PWM huivuta paneli hadi kwenye volti za betri. Paneli ya wati 100 inayopendelea volti 18 na ampia 5.6, ikifungwa hivyo kwenye betri yenye volti 12.8, itatoa wati 72 hivi, hata iwe mpya. Kontrola ya MPPT huiacha paneli ifanye kazi kwenye volti zake na kubadilisha zile za ziada kuwa ampia. Kwa hiyo kabla ya kulaumu paneli, soma maandishi yaliyo kwenye kontrola.

Ukitaka kujua mwanga bila piranomita (kipima mwanga wa jua), tumia paneli ndogo kama kipimo. Mkondo wa paneli iliyopigwa shoti (chanya na hasi zimeunganishwa moja kwa moja) unafuata mwanga karibu sawa kwa sawa: kama kibandiko kinasema ampia 6 za shoti nawe unasoma 4.5, mwanga ni kama wati 750 kwa mita ya mraba. Paneli hiyo iwe safi, ilale mteremko uleule na ielekee upande uleule wa zile kubwa. Ikiwa imelazwa chini sakafuni, unapima jua jingine kabisa. Kuipiga shoti paneli moja iliyotengwa na betri hakuiharibu. Angalia tu multimita yako: tundu la ampia mara nyingi linaishia 10, tena kwa sekunde chache, na paneli kubwa za siku hizi huvuka hapo. Tumia klampu.

Mawingu mepesi yakipita, unaweza kuona mwanga umeruka juu ya 1,000 kwa dakika moja. Si kosa la kipimo. Kingo za wingu hurusha mwanga wa ziada upande wako. Usiichukue dakika hiyo kama ushahidi wa kitu chochote.

"Asubuhi inachaji vizuri, ikifika saa sita mchana mkondo unashuka"

Betri imeshiba. Kontrola ikishafikisha volti zake za mwisho hupunguza mkondo, na jua linalobaki haliombwi. Jaribio lake ni la dakika mbili: washa mzigo mkubwa, tuseme pasi au pampu ambayo inveta inaimudu. Mkondo wa paneli ukipanda mara moja, mfumo ni mzima. Usipopanda huku volti za betri zikiteremka, hapo chunguza paneli, soketi, na kontrola yenyewe, ambayo ikipata joto sana hujipunguzia kazi.

Kwa anayepima utendaji, saa hizi ni mtego. Ukizijumlisha kwenye hesabu ya ufanisi, utapata mfumo unaodhoofika kila siku ambayo nyumba haina watu. Weka alama kwenye kila saa ambayo kontrola ilikuwa imetoka kwenye hatua ya kuchaji kwa nguvu zote, na saa hizo zisitumike kuihukumu paneli. Zinapima matumizi yako tu.

Kuna namna nyingine ya dalili hii ambayo ni kosa kweli: kontrola inadai betri imejaa mapema mno. Shika multimita, pima kwenye vichwa vya betri, kisha pima kwenye vituo vya kontrola, mkondo ukiwa mkubwa. Waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, betri ikiwa mita 3 kutoka kwenye kontrola, kwenda na kurudi ni mita 6, na ukinzani wake ni omu 0.0175. Kwa ampia 30 unapoteza zaidi ya nusu volti. Kontrola inaona 14.4 na kuanza kupunguza, wakati betri iko 13.9 bado ina njaa. Dawa ni waya mnene au mfupi zaidi, au nyaya ndogo za kunusia volti moja kwa moja kwenye betri kama kontrola ina nafasi yake.

"Paneli moja iko nyuma ya wenzake"

Zilinganishe ndani ya dakika ileile, moja baada ya nyingine: volti zikiwa hazina mzigo, kisha mkondo wa shoti. Mkondo ukiwa chini na volti zikiwa sawa, ni uchafu, kivuli au kioo kilichochakaa. Volti zikiwa zimepungua nusu au theluthi na mkondo uko sawa, diodi ya kukwepesha (inayopitisha mkondo kando ya seli zenye kivuli) iliyo kwenye kisanduku cha nyuma imeungua na kubaki shoti; paneli ya seli 36 kwa kawaida ina diodi mbili, ya seli 60 ina tatu, ndiyo maana pengo linakuja kwa vipande hivyo. Vyote viwili vikiwa sawa lakini ikifungwa kwenye mzigo inaanguka, tafuta soketi yenye joto.

"Mapanga yanazunguka, mita inasoma sifuri"

Swali la kwanza ni kama yanazunguka kwa kasi inayotosha. Mtambo unaochaji betri hautoi hata ampia moja mpaka volti zake, baada ya kupita rektifaya, zizidi zile za betri. Mitambo midogo mingi hufika hapo upepo ukiwa kama mita 3 hadi 3.5 kwa sekunde. Chini ya hapo mapanga yanazunguka, yanapendeza machoni, na hayatoi kitu. Na betri ikiwa juu kwa sababu sola inaichaji, kizingiti nacho kinapanda kidogo.

Upepo ukiwa wa kutosha na bado ni sifuri, sikiliza na uangalie mwendo. Kuna hali mbili.

Mapanga yanakimbia mbio kuliko kawaida, kwa mlio mkali: hakuna mzigo. Fyuzi imekatika, waya umeachia, au vipete vya kupitishia umeme shingoni mwa mtambo havigusi. Usisogelee nyaya kabla ya kufunga breki.

Mapanga yanajikokota, mazito, hata upepo ukivuma: kuna shoti mahali fulani. Angalia swichi ya breki kwanza, kwa sababu huachwa imefungwa mara nyingi kuliko watu wanavyokubali. Kisha, upepo ukiwa umetulia, ondoa nyaya tatu kutoka kwenye rektifaya. Yakizunguka mepesi, rektifaya ndiyo yenye shoti. Yakibaki mazito, shoti iko kwenye nyaya zilizojisokota ndani ya mnara au kwenye koili za mtambo. Rektifaya ya fezi tatu ina diodi sita. Multimita ikiwa kwenye alama ya diodi, kila moja isome kati ya 0.4 na 0.7 upande mmoja na isipitishe kitu upande mwingine.

Fezi moja ikipotea mtambo haunyamazi. Unaendelea kuchaji, ila unanguruma na mnara unatetemeka, na mavuno yanapungua sana. Pima AC kati ya nyaya mbili mbili, jozi zote tatu, upepo ukiwa mdogo na wa utulivu. Zinapaswa kukaribiana. Jozi moja ikisoma kawaida na mbili ziko chini, waya unaoshiriki jozi hizo mbili ndio wenye tatizo.

"Mtambo wa upepo hautoi kama grafu ya mtengenezaji inavyosema"

Hapa ndipo penye makosa mengi ya upimaji, na mengi yanatokana na jambo moja: nguvu ya upepo inafuata kasi ikiwa imezidishwa yenyewe mara tatu. Kasi ikipungua nusu, nguvu inabaki moja ya nane. Mtambo wenye kipenyo cha mita 1.2 unafagia eneo la mita za mraba 1.13. Upepo wa mita 5 kwa sekunde, hewa ya usawa wa bahari, unapitisha hapo wati 87 hivi. Albert Betz alionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba mtambo hauwezi kuchukua zaidi ya asilimia 59.3 ya hizo, na mfumo mdogo mzuri, ukihesabu mapanga, jenereta, rektifaya na nyaya, hupata kati ya asilimia 20 na 30. Yaani wati 17 hadi 26. Mtambo uleule ukiandikwa wati 350 si uongo, mradi upepo uwe mita 12 au zaidi kwa sekunde. Je, upepo huo kwako huja mara ngapi?

Kwa sababu hiyohiyo, kosa dogo la anemomita ni kosa kubwa la nguvu: asilimia 10 kwenye kasi ni zaidi ya asilimia 30 kwenye nguvu. Kwa hiyo anemomita ichunguzwe kabla ya mtambo. Beringi za vikombe zikiwa kavu au zimejaa vumbi, husoma chini hasa kwenye upepo mwepesi. Ikifungwa nyuma ya mapanga, inapima upepo ulioliwa tayari. Iwe kimo kimoja na kitovu cha mapanga, kando, umbali wa kama mara mbili na nusu ya kipenyo, na isikingwe na mnara upande wa upepo.

Kimo ndicho kinachowaponza wengi. Ukiweka anemomita mita 2 kutoka ardhini na mtambo uko mita 10, hata kwenye uwanja ulio wazi upepo wa juu unaweza kuwa na kasi zaidi kwa robo hivi, na nguvu yake ikawa mara mbili. Matokeo yake ni mtambo unaoonekana hodari kupita kiasi. Ukikokotoa ufanisi ukapata asilimia 65, usiushangilie. Umevuka kikomo cha Betz, na anayevuka kikomo hicho amepima vibaya. Kinyume chake, mtambo ulio karibu na paa au miti hupata upepo wenye misukosuko: anemomita inasoma vizuri, mtambo unazungushwa shingo kila mara na hauvuni. Misukosuko nyuma ya jengo hupanda hadi kama mara mbili ya kimo cha jengo, na huenda mbali, hadi mara 20 ya kimo hicho.

Halafu kuna wastani. Siku yenye saa 12 za utulivu kamili na saa 12 za upepo wa mita 10 kwa sekunde ina wastani wa mita 5. Siku yenye mita 5 muda wote ina wastani huohuo. Nishati ya siku ya kwanza ni mara nne ya ya pili. Kwa hiyo kuchukua wastani wa mwezi na kuusoma kwenye grafu ya mtengenezaji ni kazi bure. Njia inayofaa ni hii: rekodi kasi na wati pamoja kwa wastani wa dakika moja, kisha panga dakika zote kwenye makundi ya kasi, kila kundi lenye upana wa mita 0.5 kwa sekunde, na tafuta wastani wa wati ndani ya kila kundi. Ndivyo kiwango cha kimataifa cha IEC 61400-12-1 kinavyotaka kwa mitambo midogo; kwa mikubwa hutumia dakika 10. Ukilinganisha sekunde kwa sekunde utaona madoa yaliyotawanyika tu, kwa sababu mapanga huchelewa kufuata upepo na bado yana kasi upepo ukishakata.

Ondoa dakika ambazo betri ilikuwa imeshiba au breki imefungwa. Andika na volti za betri, maana mtambo uleule, upepo uleule, hutoa tofauti kwenye betri iliyo chini na iliyo juu. Ukiwa eneo la juu, rekebisha uzito wa hewa: grafu nyingi huchorwa kwa kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, na kwenye mwinuko wa mita 1,500 hewa ikiwa nyuzi 25 uzito ni karibu kilo 0.99. Asilimia 19 imeondoka kabla hujagusa chochote.

Baada ya yote hayo, kama bado kuna pengo, pima nyaya. Mita 10 za waya wa milimita 4 za mraba, kwenda na kurudi, kwa ampia 20 za DC hupoteza volti 1.75, yaani wati 35. Kwenye mfumo wa volti 12 huo ni wizi mkubwa. Rektifaya nayo hula kama volti 1.4, na kwenye volti 12 hiyo ni zaidi ya asilimia 10. Hakuna ufundi wa kuirudisha. Ni moja ya sababu za kupenda volti 24 au 48.

"Rezista ina moto mchana, na upepo hakuna"

Dalili ya mfumo mseto peke yake, na mita ya kawaida haiioni. Mtambo wa upepo hauwezi kuachwa bila mzigo, kwa hiyo betri ikijaa kontrola yake humwaga umeme kwenye rezista. Ila kontrola hiyo haijui umeme umetoka wapi. Inaona volti za betri tu. Kama imewekwa kumwaga kwenye volti 14.0 na kontrola ya sola inataka kufikisha 14.4, sola inajaza na rezista inamwaga, mchana kutwa. Skrini ya sola itaonyesha mavuno mazuri ajabu, na betri haitafika mwisho kamwe.

Weka kiwango cha kumwaga juu kidogo ya kile cha sola, tuseme 14.6 kwa betri ya asidi kama mtengenezaji wake anaruhusu. Pima volti hizo kwa multimita moja kwenye vichwa vya betri, si kwa kusoma skrini mbili, kwa sababu skrini mbili zinaweza kutofautiana kuliko pengo lenyewe unaloliweka. Na kumbuka kontrola ya sola yenye fidia ya joto hupandisha kiwango chake kukiwa na baridi: kama milivolti 30 kwa kila nyuzi kwenye betri ya asidi ya volti 12. Pengo la 0.2 lililotosha wakati wa joto linaweza kutoweka msimu wa baridi.

"Skrini inasema betri asilimia 90, inveta inalia na kuzima"

Skrini inahesabu ampia zinazopita kwenye shanti. Kama kuna kinachopita pembeni, hesabu haijui. Fuata waya wa hasi: kwenye kichwa cha hasi cha betri pawe na waya mmoja tu, unaokwenda kwenye shanti, na kila kitu kingine kifungwe upande wa pili. Taa moja iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri inatosha kuharibu asilimia zote.

Kisha angalia kama mita imewekewa shanti sahihi. Shanti ya ampia 100 kwa milivolti 75 ikipita ampia 20 hutoa milivolti 15. Mita iliyowekwa kwa shanti ya milivolti 50 itasoma 30. Pima milivolti mwenyewe, kokotoa, linganisha. Angalia pia sifuri: hitilafu ya ampia 0.1 tu ni ampia-saa 2.4 kwa siku, na kwa siku 10 ni 24, robo ya betri ya ampia-saa 100.

Kama kipimo ni safi, basi ni betri. Betri ya asidi ya volti 12 ikipumzika saa kadhaa bila kuchaji wala kutumika husoma kama 12.7 ikiwa imejaa, 12.2 ikiwa nusu. Inayopanda upesi, ikajaa upesi na kuisha upesi imepoteza ujazo wake. Thibitisha: ijaze, kisha itoe kwa moja ya 20 ya ujazo, ampia 5 kwa betri ya 100, hadi volti 10.5, ukihesabu saa. Kwa litiamu ya chuma na fosfeti volti hazikusaidii katikati. Husimama karibu na 13.2 kwa sehemu kubwa ya safari, kwa hiyo shanti iliyowekwa vizuri ndiyo tegemeo.

"Nikijumlisha, umeme mwingi haujulikani ulikokwenda"

Chagua kipindi kinachoanza betri imejaa na kuisha betri imejaa, angalau wiki. Hapo mabadiliko ya betri ni sifuri na hesabu inaweza kufungwa. Tuseme sola ilileta wati-saa 8,400 na upepo 2,100. Rezista ikamwaga 600. Inveta ikaingiza 8,300. Zilizobaki ni 1,600, asilimia 15. Kwa betri ya asidi hiyo ni hasara inayoeleweka. Kwa litiamu ningetafuta waya wenye joto.

Kama unalinganisha na mita ya upande wa AC badala ya kuingia kwa inveta, pengo litakuwa kubwa zaidi, na wa kwanza kushukiwa ni inveta yenyewe. Inayokula wati 12 bila kuwasha kitu hula wati-saa 288 kwa siku. Kwenye mfumo unaovuna 1,500 kwa siku, hiyo ni karibu moja ya tano.

Usijaribu kufunga hesabu kwa siku moja. Kontrola nyingi za sola hufunga siku yao jua linapozama au linapochomoza, upepo unavuma usiku, na kinasa data kina saa yake. Weka saa zote sawa, na uhakikishe kinasa kinaandika wastani wa muda wote, si namba ya papo hapo kila dakika tano. Kwa upepo, namba ya papo hapo ni bahati nasibu.

La mwisho ni kinasa kinachopata umeme wake kutoka kwenye inveta. Betri ikiisha saa tisa usiku, inveta inazima, kinasa kinazima nayo, na usiku mbaya kuliko wote unatoweka kwenye rekodi. Ripoti inabaki na siku nzuri tu. Kilishe kinasa kutoka kwenye betri kwa fyuzi yake ndogo, waya wake wa hasi ukiwa upande wa mzigo wa shanti, ili na chenyewe kihesabiwe.